Msiilaumu mifumo miwili, nilaumuni mimi kidogo

Najua nimepotea. Wiki mbili sijaandika kitu, na wale waliozoea kupita hapa Jumapili usiku wamekuta hadithi ileile ya maji kukatika ghorofa ya nne. Samahanini sana. Sikuumwa, wala sijadisko (msiniombee mabaya). Nilikuwa nachapa madodoso ya mtu, usiku na mchana, na sababu ya kuyachapa ndiyo nataka tuiongelee leo, maana bloku nzima wameshaiongelea na mimi sikupewa nafasi ya kujitetea.

Kisa ni hiki. Jirani yangu wa chumba cha pili, mwaka wa tatu sosholojia, ana laptopu ya HP ya mtumba, zile nene, diski ya GB 500. Semesta iliyopita alikuja chumbani kwangu akaniambia, "Dada, hii Windows inanichosha, na yako inawaka haraka. Nifanyie kama yako." Yangu ina mifumo endeshi miwili. Nikiiwasha inanipa orodha, nachagua Windows au Linux Mint. Hapa bloku wananiita Mama Linux, jina ambalo sikuliomba ila nimelizoea. Basi nikamfanyia. Nikapunguza sehemu moja ya diski yake, nikamwekea Mint pembeni, nikamwonyesha ile orodha, akafurahi, akaninunulia chipsi mayai. Kazi ikaisha. Au nilidhani imeisha.

Sasa wiki tatu zilizopita, saa tano usiku, mlango unagongwa. Nafungua namkuta ameikumbatia ile HP kama mtoto mgonjwa. Hakulia. Afadhali angelia. "Dada, fundi kapiga Windows. Kila kitu kimeondoka."

Kila kitu maana yake ni madodoso 118 aliyoyakusanya Mkuranga kwa miguu yake, juani, na kuyaingiza Excel moja moja. Ni sura tatu za utafiti wake. Ni picha za marehemu baba yake ambazo hazipo mahali pengine. Na tarehe ya kukabidhi rasimu ilikuwa imebakiza mwezi mmoja na siku kadhaa.

Kesho yake hukumu ilikuwa imeshatoka. Foleni ya bafuni, kantini, hadi kwa yule kaka wa vocha pale getini: "Si Mama Linux alimwekea mifumo miwili? Ndiyo matokeo yake. Kompyuta moja mfumo mmoja, kama ndoa." Mwingine eti: "Hiyo Linux ni ya mahaka, kwanza kwa nini mtoto wa sosholojia awekewe?"

Mimi nasema hapana. Mifumo miwili haikumfutia mtu kitu. Tena nasema mwanafunzi mwenye laptopu moja tu, ya mtumba, ana sababu ya kuweka mifumo miwili leo kuliko alivyokuwa nayo miaka mitano iliyopita. Lawama ninayo, nakubali, lakini siyo hii mnayonipa.

Tuanze na kilichotokea, maana wengi mnahukumu bila kujua kesi yenyewe.

Jirani yangu aliishiwa nafasi. Kuna tamthilia moja ya Kikorea (sitaitaja, mtaanza kuniomba) aliyopewa kwenye flashi, vipande vingi, haikuenea. Akafungua ile sehemu ya Windows inayoonyesha mgawanyo wa diski, akaona kuna partisheni moja haina herufi. C ipo, D ipo, hii haina jina lolote. Akaona imekaa bure. Akabonyeza kufuta. Windows ikamwonya kwamba partisheni hii haikutengenezwa na Windows na huenda ina data za mfumo mwingine, je, una uhakika? Akabonyeza ndiyo. Msimcheke. Sisi sote tunabonyeza ndiyo. Mimi mwenyewe sijawahi kusoma yale maandishi hadi mwisho.

Partisheni ile ndiyo iliyokuwa Mint yenyewe. Tamthilia ikaenea, akaangalia vipande vitatu, akazima, akalala. Asubuhi anawasha, skrini nyeusi, maandishi meupe: hakuna partisheni kama hiyo, na chini yake maneno mawili, grub rescue, na kialama kinawakawaka. Akabonyeza kila kitufe. Hakuna kitu.

Hapa lazima nieleze jinsi kompyuta inavyoamka, na nitaeleza kwa hosteli maana ndiyo tunayoijua. Kwenye mashine za zamani kama yake, ukiwasha, kitu cha kwanza kabisa kinachosomwa kwenye diski ni kipande kimoja kidogo mno cha baiti 512. Humo ndani baiti 446 ni programu ya kuanzia na baiti 64 ni orodha ya partisheni, ndiyo maana orodha ile ya zamani inabeba partisheni kuu nne tu. Huyu ndiye mlinzi wa getini. Anakaa kwenye kibanda kidogo, hawezi kukumbuka mambo mengi, kazi yake ni kupiga simu ofisini kwa mlezi wa hosteli na kuuliza, "Kuna mgeni huku, nimpeleke wapi?" Ukiweka Linux pembeni ya Windows, mlinzi anabadilishwa. Anakaa mlinzi wa GRUB, na ofisi anayoipigia simu iko ndani ya partisheni ya Linux. Ukiivunja ofisi ile kwa sababu unataka nafasi ya tamthilia, mlinzi bado yupo getini, anapiga simu, hakuna anayepokea. Basi anasimama hapohapo na kusema grub rescue. Hamruhusu mtu kuingia, hata yule mwenye chumba ndani.

Lakini chumba kipo! Hilo ndilo nataka mlishike. Asubuhi ile Windows yake ilikuwa nzima. C nzima, D nzima, madodoso yote 118 yamelala salama kabisa. Kilichotakiwa ni kumrudisha mlinzi wa zamani. Unachomeka flashi ya kuwekea Windows, unaingia sehemu ya kurekebisha badala ya kuweka upya, unafungua ule weusi wa kuandikia amri, unaandika bootrec /fixmbr, unazima na kuwasha. Haifiki dakika kumi, na ndani ya dakika hizo kuna za kutafuta flashi.

Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha ya rafiki yangu, simu haina chaji. (Hili la simu kukosa chaji litarudi tena hapa chini, ni ugonjwa wangu.) Akampelekea fundi.

Fundi simtaji na wala simchukii. Nimekwenda kumwona. Kijana mstaarabu, meza yake imejaa mashine za wanafunzi, analipwa kwa kila Windows anayopiga, siyo kwa kila faili analookoa. Alimuuliza, "Una vitu vya muhimu humu?" Akamjibu, "Vitu vyangu vyote viko D." Jibu zuri kabisa. Mimi pia ningelijibu hivyo. Tatizo ni kwamba D haipo.

Yaani hivi. Zile herufi C na D ni majina ambayo Windows inayatoa yenyewe ikishaamka. Kwenye diski hayakuandikwa hivyo. Ukiwasha kwa flashi ya kuwekea mfumo, unaonyeshwa orodha ya partisheni kwa namba na ukubwa: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Linux nayo ina majina yake, sda1, sda2, sda3. Fundi akaona partisheni tatu nne hajui ipi ni ipi, hakuna hata moja iliyoandikwa D, mteja ameondoka kwenda kipindini, na mashine nyingine kumi zinasubiri. Akafuta zote, akaifanya diski kuwa C moja kubwa, safi kama sahani ya harusi. Akamrudishia na Office juu yake, bila malipo ya ziada.

Sasa niambieni, hapo mifumo miwili imefanya nini? Angekuwa na Windows peke yake, ikapata virusi au ikagoma kuwaka, angekwenda kwa fundi yuleyule, angesema vitu viko D, na yangemkuta yaleyale. Wangapi hapa bloku yamewakuta na hawajawahi hata kuiona Linux? Nyoosheni mikono. Nawajua, nyie wa ghorofa ya kwanza.

Haya, tuje kwenye hoja ya pili: kwa nini ujisumbue na mifumo miwili kabisa.

Mimi nasoma takwimu. Laptopu yangu ni Dell Latitude E7450, niliinunua Kariakoo kwa bumu la mwaka wa kwanza na nyongeza ya mama aliyouza mbuzi wawili. Ni mashine ya mwaka 2015, prosesa ya Intel kizazi cha tano. Imara kweli, imeanguka mara mbili na bado inapiga kazi. Lakini Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haiitambui. Microsoft waliweka masharti: prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na kile kichipu cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0. Mtumba wangu hauna sifa. Mtumba wako pia pengine hauna, kauangalie. Na Windows 10, ambayo ndiyo tunayoishi nayo wengi wetu, Microsoft waliifungia huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuacha kuwaka, msije mkaogopa. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama ya kawaida. Waliweka nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani watakaojiandikisha, lakini ni nyongeza tu, kama sapu.

Kwa hiyo tunabaki na nini? Kununua laptopu mpya? Kwa bumu gani? Ziko njia za mkato za kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine isiyoruhusiwa, watu wanazitumia, na Microsoft wenyewe wanasema hawadai kukuhakikishia marekebisho. Mimi sitaki kuandika utafiti wangu juu ya kitu cha kulazimisha.

Linux inaikubali mashine yangu bila masharti hayo. Inapata marekebisho, inawaka haraka, na R, ambayo ndiyo chakula changu, inakaa humo vizuri. Nikiingia intaneti, nikafungua barua pepe, nikaingiza nywila ya akaunti ya mkopo, nafanya hayo upande wa Linux. Windows 10 nimeibakiza kwa kazi zake maalumu, na mara nyingi naizimia intaneti.

Na hapa ndipo ninapogombana na kaka mmoja wa darasani kwetu, muumini wa Linux haswa, ananiambia mimi mnafiki, nusu nusu, nifute Windows nibaki huru. Bwana we, uhuru mzuri, lakini msimamizi wangu anatuma rasimu kwa Word, imejaa maoni pembeni na mistari myekundu. LibreOffice inaifungua, sikatai, inaonyesha na maoni. Lakini jedwali langu la kurasa mbili likirudi kwake limehama, kichwa kiko ukurasa huu na mwili ukurasa unaofuata. Word ya kompyuta haina toleo la Linux. Wenzetu wa uhandisi wana AutoCAD, haina toleo la Linux. Wa jiografia wanafundishwa ArcGIS Pro, hiyo ni Windows tu, ingawa QGIS inafanya mengi na inakaa popote. Mwanafunzi hachagui programu, anachaguliwa na kozi. Mwaka wa mwisho siyo mwaka wa kusilimu, kaka yangu. Nikishamaliza kutetea utafiti tutaongea habari za uhuru.

Wapo wanaosema basi tumia mashine ndani ya mashine, Linux iendeshwe ndani ya Windows. Wenye RAM ya GB 16 endeleeni, na ile WSL ambayo Microsoft walianza kuitoa mwaka 2016 ni kitu kizuri kweli. Mwenye GB 4 akijaribu mashine mbili kwa wakati mmoja zote mbili zitakosa hewa. Uzuri wa kuchagua wakati wa kuwasha ni huo: unaendesha mmoja, mwingine umelala, na RAM yote ni ya aliye macho.

Na hili la "Linux ni ya mahaka" nalo lina­nikera. Ubuntu ilianzishwa na mtu wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, toleo la kwanza Oktoba 2004, na jina lenyewe ni lile neno la ndugu zetu wa kusini, ambalo kwetu ni utu. Mwaka huohuo wa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Sisi wengine tulikuwa wachanga. Leo mjukuu wa kazi ile anaambiwa anatumia kitu cha wezi wa benki. Kha!

Sasa nije kwenye madhambi ya mifumo miwili, maana nisipoyasema nitakuwa natangaza biashara.

La kwanza limenigharimu mwenyewe. Kompyuta ina saa ndogo ndani inayoendelea hata ikizimwa. Windows inaamini saa ile ni ya hapa kwetu. Linux inaamini ni saa ya dunia, ile ya UTC, nayo inajumlisha tatu kupata ya Tanzania. Kila mmoja akiamka anaisoma kwa imani yake. Mwaka wa pili nilisoma usiku kwa Linux, nikazima. Asubuhi nikaamka, simu imekufa chaji, umeme hakuna, bando limeisha, nikawasha Windows niangalie muda. Saa moja na robo asubuhi. Nikasema safi, tesiti saa nne, nina muda wa kuoga na kurudia sura moja. Nikarudia sura mbili kabisa. Nashuka ngazi nakutana na watu wanatoka kwenye tesiti wanabishana swali la tatu. Alama 15 zilikwenda hivyo, na mwalimu hakuamini hadithi ya UTC hata kidogo. Nisingeamini pia. Dawa yake ni mstari mmoja upande wa Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Linux yenyewe itakunung'unikia kwamba hilo siyo jambo zuri sana. Iache inung'unike.

La pili, Windows haizimi kweli. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna ujanja unaoitwa Fast Startup, ukizima inalala nusu ili iamke upesi. Linux ikija ikakuta partisheni ya mwenzake iko katikati ya usingizi, inakataa kuandika humo, inakuruhusu kusoma tu. Watu wanadhani faili zimeharibika. Zima ule ujanja kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, biashara imekwisha.

La tatu ni la wenye mashine mpya. Kwenu nyie mambo ya mlinzi mmoja getini hayapo sana, mna UEFI, kila mfumo unaweka folda yake kwenye partisheni ndogo ya pamoja na hawavunjiani ofisi kirahisi. Ila mna BitLocker. Diski imefungwa kwa kufuli, mara nyingine mwenyewe hujui, maana tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 Windows 11 ikiwekwa upya kwa akaunti ya Microsoft inaweza kuifunga yenyewe. Ukigusa mpangilio wa kuwasha, inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Huna ufunguo, huna diski. Tafuta ufunguo ule kwenye akaunti yako kabla hujashika kitu, uuandike kwenye daftari la karatasi.

Na hata ukifanya yote sawa, wakubwa wanaweza kukuangusha. Agosti 2024 sasisho la Windows lilizifungia Linux za watu wengi wenye mifumo miwili. Wanawasha, wanaambiwa kuna ukiukaji wa sera ya usalama, mashine inazima. Windows yao inawaka, Linux haiwaki. Wenyewe Microsoft walisema sasisho lile halikukusudiwa kugusa mashine zenye mifumo miwili, na suluhisho kamili lilikuja Mei 2025. Kwa hiyo yule anayesema mifumo miwili ina usumbufu, hakosei. Mimi ninachokataa ni kusema ndiyo iliyofuta madodoso.

Hata Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi pale Chuo Kikuu cha Helsinki, alikuwa na mifumo miwili kwenye kompyuta yake: Minix, na kile kitoto chake kipya. Siku moja alitaka modemu ipige simu kwenye kompyuta ya chuo, kwa makosa amri za kupiga simu zikaandikwa kwenye diski, zikaharibu partisheni ya Minix. Mwanafunzi kama sisi! Badala ya kuirudisha Minix akaamua kuendelea na Linux tu. Jirani yangu hakuwa na anasa hiyo, yeye alikuwa na Mkuranga.

Lawama yangu sasa. Nilipomwekea Mint nilimwonyesha orodha ya kuchagua, nikamwonyesha na rangi nzuri za mandhari. Sikumwonyesha diski yake. Sikumwambia partisheni ipi ni ipi, ipi ina nini, kwamba ile isiyo na herufi ina mtu ndani. Sikumwambia kwamba D ni jina la nyumbani na fundi halijui. Na kabla ya kupunguza partisheni yake sikumlazimisha anakili vitu vyake nje. Siku ile ilikwenda salama kwa bahati, nikaichukua bahati kuwa ufundi. Alikuja kwangu na mashine anayoijua nusu, nikamrudishia mashine asiyoijua kabisa, nikala chipsi zake. Hiyo ndiyo lawama. Hiyo naipokea.

Usiku ule wa kugongewa mlango kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwambia asiiwashe tena ile Windows mpya, kila inapowaka inaandika juu ya vitu vya zamani. Bahati yake diski ni ya kizamani, ile inayozunguka. Ingekuwa SSD kama yangu, mfumo ukishafuta huwa unaiambia diski isafishe na yenyewe inasafisha kweli, unabaki na mikono mitupu. Tukaazima diski ya nje kwa kaka wa darasani (yuleyule wa uhuru, Mungu ambariki), tukawasha mashine kwa Mint ya kwenye flashi, tukaachia PhotoRec ipekue. Ilipekua usiku kucha na asubuhi nzima. Inarudisha faili lakini hairudishi majina, unapata maelfu ya vitu vinavyoanza na f na tarakimu ndefu, humo kuna picha za matangazo ya tovuti, nyimbo nusu, vipande vya ile tamthilia, kila takataka.

Picha za baba yake zilipatikana. Karibu zote. Hapo ndipo alipolia.

Sura mbili tulizikuta kwenye barua pepe aliyomtumia msimamizi, ya tatu ilipatikana nusu. Excel iliyorudi ni nakala ya zamani, madodoso 61. Kumi na tisa kati yake yana safu zilizovurugika, kwa hiyo hesabu ya kweli ni 42. Yaliyobaki 76 yapo kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda chake, kwa karatasi, mengine yana alama za mvua na kalamu imechuja. Ndiyo haya ninayoyachapa. Yeye anasoma, mimi naingiza, mara tunabadilishana. Sasa najua bei ya mihogo Mkuranga kuliko mtu yeyote wa takwimu hapa chuoni.

Juzi, tukiwa dodoso la 90 na kitu, akaniuliza kama nitamwekea tena Mint. Nikamwambia bloku nzima itanipiga mawe. Akasema, "Waache. Lakini safari hii nashika mimi, dada, wewe unakaa pale kitandani unaniambia." Basi jana tumefanya hivyo. Kabla ya yote alinakili kila kitu kwenye flashi mbili, moja nimekaa nayo mimi. Partisheni ya vitu vyake ameipa jina, UTAFITI-USIFUTE, jina linaloandikwa kwenye diski yenyewe na fundi akiweka flashi ya Windows ataliona kwenye orodha. Kisha akachora diski yake kwenye karatasi ya dodoso lililoharibika, vyumba vinne, kila kimoja na ukubwa wake na aliyelala humo, akaigandisha kwa selotepu chini ya laptopu. Mchoro wenyewe umepinda na Windows kaiandika kwa herufi ndogo.

Yamebaki madodoso 14. Anagonga ukutani, zamu yangu kusoma.